Herufi nane hazitoshi: majina yetu mbele ya kompyuta

Mwaka jana wanafunzi wenzetu wawili, Twagiramungu na Twagiramariya, walifunguliwa akaunti katika chumba kimoja cha kompyuta. Mashine ilichukua herufi nane za kwanza tu, wote wakawa «twagiram». Wa pili akapewa «twagira2». Muda si mrefu kazi ya mmoja ikaandikiwa alama kwa jina la mwenzake, na nusura arudie somo.

Kikomo hicho kina historia. Katika Unix toleo la 7, la 1979, orodha ya watumiaji walioingia ilitenga baiti 8 kwa kila jina. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo na ya bei ghali. Leo Linux kwa kawaida hukubali hadi herufi 32, na jina la kuingilia la Windows la mtindo wa zamani huishia 20. Lakini mazoea ya herufi 8 bado yapo.

Kwa mwanaisimu swali ni hili: tukikata, tunapoteza nini? Majina mengi ya Kinyarwanda na Kirundi, tunayoyasikia pia hapa Kivu, ni sentensi nzima. Hakizimana ni «hakiza» na «Imana»: Mungu ndiye anayeokoa. Likikatwa linakuwa «hakizima». Kitenzi kinasalia, mtendaji anavunjika. Ndayishimiye, yaani ninamshukuru, linakuwa «ndayishi»: viambishi vimebaki, mzizi «-shim-» umekatwa katikati. Majina yetu hufanana mwanzoni na kutofautiana mwishoni, na mkasi hupita hapo hapo mwishoni. Dupont huingia lote.

Wapo wanaojibu kwamba jina la kuingilia ni alama tu: Unix humtambua mtumiaji kwa namba, na jina kamili lina nafasi yake pengine. Tena programu za zamani zinaweza kukwama kwa majina marefu. Ni kweli. Lakini mwalimu anayesahihisha haoni namba, anaona jina.

Kwa hiyo naona mifumo yote iruhusu angalau herufi 32. Panapolazimu kufupisha, mwenye jina achague mwenyewe, akifuata mipaka ya mofimu: «tmungu» na «tmariya» ni mafupi na hayagongani.

Msomaji, kata jina lako kwenye herufi ya nane. Je, kilichobaki bado ni wewe?