Dondoo muhimu: Piga muziki mtandaoni, changia Tabora

Mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz haujaishiwa wapigaji. Ukiandaa onyesho mubashara la hisani:

• Taja lengo moja, mfano madawati ya shule, na kiasi kinachohitajika.
• Tumia lipa namba ya kikundi, si ya mtu binafsi.
• Saa 3 usiku Tabora ni saa 4 Muscat. Wakumbuke ndugu wa ughaibuni.
• Kwa nyimbo za wengine, ulizia utaratibu wa kibali COSOTA, ofisi ya hakimiliki.
• Weka betri ya akiba na bando la mtandao wa pili.
• Kesho yake tangaza kilichopatikana. Baadaye onyesha risiti.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikabidhiwa mizigo ya watu, wakaifikisha hadi pwani. Nawe umekabidhiwa sadaka, ifikishe.