Waridi la kwenye chungu lina madoa meusi

Swali: Naishi Tanga. Waridi langu la kwenye chungu linatoa madoa meusi kwenye majani, kisha majani yanageuka manjano na kupukutika. Nifanyeje?

Jibu: Huo ni ugonjwa wa kuvu, na hushamiri majani yakikaa na maji kwa saa kadhaa. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Okota yote yaliyoanguka uyachome. Usiyatie kwenye mboji. Punguza matawi yaliyosongamana katikati ili hewa ipite, ukikata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Chungu kiwe na kina cha sentimita 40 hivi, na matundu ya chini yasizibe. Waridi la ardhini hujitafutia maji. La chunguni hukutegemea wewe, basi pima udongo kwa kidole kila siku.