Kucha Zetu: Tukate na Tuangalie



Ndugu zangu katika imani, somo la leo linahusu kitu kidogo tunachokibeba kila siku: ukucha. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, kukata kucha ni mojawapo ya mambo matano ya fitra. Naye Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba tumewekewa muda, tusiziache zaidi ya siku arubaini. Kwa hiyo kila Muislamu ana miadi na kucha zake. Ombi langu ni kwamba miadi hiyo ikifika, tusikate tu, tuangalie pia. Ukucha mzima huonyesha wekundu mwepesi wa damu iliyo chini yake. Rangi ikibadilika na ikadumu, mwili huenda una jambo la kutuambia.

Rangi na maana zake

1. *Kupauka.* Kucha zilizopauka, pamoja na uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Madini ya chuma yakipungua sana, ukucha hulainika na kubonyea katikati kama kijiko. Wanawake wako hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi na ujauzito. Maharage, dodo na sambaza wa Kivu husaidia. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma ambacho mwili hupata kwenye maharage na mboga, basi isubiri kama saa moja.

2. *Vidoa vyeupe.* Utotoni tuliambiana kwamba kila kidoa ni nguo mpya inakuja. Kwa kawaida ni alama ya ukucha uliogongwa, nayo husogea mbele na kuisha ukucha unapokua. Tofauti ni kucha karibu zote kuwa nyeupe na kubaki na utepe wa kahawia kwenye ncha. Hali hiyo huonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa ini au figo.

3. *Njano, unene na kumeguka.* Mara nyingi ni fangasi, hasa miguuni. Tuwafikirie wazazi wetu wanaoshinda na miguu majini katika mashamba ya mpunga Bugarama. Hata sisi tunatia udhu mara kadhaa kwa siku, kisha tunavaa soksi miguu ikiwa bado mibichi, na ndala za msikitini tunavaa kwa zamu. Sunna ya khilal, kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu, inatufikisha pale pale panapojificha ugonjwa. Baada ya hapo, tukaushe. Anayetibiwa asikate tamaa, kwani ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya.

4. *Bluu.* Kucha na midomo vikiwa na rangi ya bluu huku mtu akipumua kwa shida, hewa haimtoshi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

5. *Mstari mweusi.* Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini mstari mmoja mpya unaopanuka, au weusi unaovuka hadi kwenye ngozi ya pembeni, unahitaji daktari mapema. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilisambaa mwilini, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Siku ya kufuta rangi

Sisi akina dada tunajua kwamba rangi ya kucha huzuia maji ya udhu, tofauti na hina ambayo ni rangi tu isiyo na gamba. Ndiyo maana wengi wetu bwenini hupaka rangi wakati wa hedhi na kuifuta siku ya josho. Basi siku hiyo iwe siku ya kuangalia, kwa sababu damu imetoka na ukucha uko wazi.

Mwenzetu mmoja alikuwa akilala baada ya kila kipindi, akisema ni uchovu wa mitihani. Siku alipofuta rangi tuliona kucha zimepauka kama karatasi. Tulimsindikiza kituo cha afya akapimwa, damu ikakutwa iko chini, akapewa vidonge vya chuma. Leo anasoma nasi hadi usiku, alhamdulillah.

Ukucha peke yake hautoi hukumu. Unatuonyesha tu mlango wa kubisha, na kipimo ndicho kinachothibitisha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta matibabu, na kadi ya mituweli tunayo. Ijumaa hii, kabla ya kwenda msikitini, simama penye mwanga wa jua, angalia kucha zako, kisha muulize mama nyumbani kuhusu zake.

Allah atujaalie afya ya kumuabudu. Amin.