Povu Halipimi Sabuni: Jaribio la Mafuta na Bati pale Same

Wengi wetu huku geto tunachagua sabuni ya vyombo kwa macho tu. Ikitoa povu jingi, tunasema ni kali. Ikiwa nzito, haijachakachuliwa. Mama mdogo wangu, anayeuza chakula karibu na stendi ya Same, naye huchagua hivyo hivyo, ila kwake kukosea kuna bei. Sufuria zake za supu ya mbuzi huoshwa mara tatu nne kwa siku, na sabuni anainunua ya kupima, kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, kwa watengenezaji wadogo watatu. Likizo iliyopita akaniambia, "Mwanangu, wewe si unasoma kemia? Hebu niambie ipi inatoa mafuta kweli." Kumjibu kulinichukua wiki mbili.

Tuanze na huo uzito. Sabuni hizi mara nyingi huchanganywa kwa asidi ya sulfoniki iliyopozwa kwa soda, slesi, maji, rangi, manukato na chumvi ya kawaida. Chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito kama asali, bila kuongeza hata tone la kinachoosha. Ukiizidisha, mchanganyiko unarudi kuwa mwepesi kama maji. Kwa hiyo uzito unakueleza habari za chumvi.

Kinachoosha ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huzama kwenye mafuta, vichwa hubaki nje, na tone la mafuta hubanduka kwenye chuma likiwa limezingirwa pande zote. Povu ni hewa tu iliyonaswa na molekuli hizo hizo, na wingi wake mwanzoni hausemi mengi. Kufa kwake ndiko kunasema, maana mafuta huua povu. Ukiosha sahani moja baada ya nyingine kwenye beseni moja, povu linapokata ujue sabuni imeelemewa. Wapimaji wa sabuni wana jaribio la namna hiyo, la kuhesabu sahani.

Mimi nilitumia mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Fundi wa kuchomelea alinikatia vipande vya bati la stenlesi, vyote saizi moja. Kipande kinasafishwa, kinafutwa kwa spiriti, kinakauka, kinapimwa. Kinapakwa mafuta ya mbuzi yaliyoyeyushwa, kinalala usiku mzima, kinapimwa tena. Kisha kinazamishwa kwenye maji ya sabuni kwa dakika 5, kinasuuzwa, kinakaushwa kabisa (tone la maji lililobaki litahesabiwa kama mafuta!) na kupimwa mara ya tatu. Tuseme bati ni gramu 50.00, likiwa na mafuta 51.20, baada ya kuoshwa 50.30. Mafuta yalikuwa 1.20, yametoka 0.90, yaani asilimia 75. Kila sabuni nilirudia mara tatu, na maji matupu nayo yakapata zamu yake, la sivyo ungeisifu sabuni kwa kazi ya maji.

Kiasi cha sabuni kilinipa mawazo kidogo. Maabara itakuambia tia mililita sawa. Kwa mama ntilie hiyo haina maana. Nilitia sabuni ya shilingi 100 kutoka kila chupa kwenye lita moja ya maji. Yenye povu jingi kuliko zote haikushika nafasi ya kwanza.

Lakini tofauti kati ya chupa na chupa ilifunikwa na tofauti ya joto la maji. Mafuta ya mbuzi hubaki yameganda hadi maji yapite nyuzijoto 40 hivi, na yakiganda mikia ile haina pa kupenya. Mji wa Same uko bondeni, kuna jua na ukavu, ndoo iliyoachwa nje inapata moto yenyewe. Panda milimani, Suji kwa mfano, asubuhi ya mwezi wa saba: maji yanauma vidole, na sabuni ile ile iliyosifiwa bondeni itaitwa feki. Kabla ya kubadilisha sabuni, badilisha maji.

Kwenye alumini kuna mtego, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Majivu, magadi na soda kali hung'oa mafuta vizuri kwa sababu ni alkali, lakini alkali hula alumini pia, na steliwaya inaikwangua. Mizani haijui kilichopotea ni mafuta au sufuria. Unaweza kupata zaidi ya asilimia 100 ukashangilia. Ndiyo maana nilitenga vipande vya alumini visivyopakwa mafuta, nikavisugua kwa majivu vile vile. Navyo vilipungua uzito. Kiasi hicho lazima ukitoe kwenye hesabu, na ukiwa na sufuria ya alumini unayoitegemea, majivu yaachie masufuria ya chuma.