Kijiti Kisipunguze Mwendo

Muhula wa kwanza ndio msimu wa riadha katika shule za sekondari. Kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, leni zimechorwa kwa chokaa kwenye nyasi zilizokauka, na mbio za kupokezana vijiti, mita 100 kwa wanne, ndizo huwainua watu vitini. Hapo pia ndipo timu yenye mbio hupitwa na timu ya kawaida. Mpokeaji amesimama tuli, shingo ameigeuza nyuma, mkono ameunyoosha. Mwenzake aliyekuja kwa kasi hana budi kufunga breki ili amkabidhi.

Dawa yake ni alama. Mpokeaji asimame mwanzoni mwa eneo la kupokezana, ambalo kwa sheria za sasa ni la mita 30: la kwanza huanzia mita ya 80 na kuishia ya 110. Kutoka hapo arudi nyuma akihesabu nyayo 20, kisigino kikigusa vidole, kisha aweke alama ndani ya leni yake. Mwenye kijiti akiifikia, mpokeaji aondoke kwa nguvu zote, na asigeuke tena. Akifikiwa mapema mno, ongezeni nyayo, asipofikiwa, punguzeni. Pimeni mkikimbia kwa kasi kamili, kwani alama iliyopimwa kwa mwendo wa kupasha misuli itawadanganya siku ya mashindano.

Kutogeuka ndiko kugumu. Mtoto huogopa kuachwa, ama kumwacha mwenzake, na woga huo hautoki kwa kukemewa. Wawili wale wale wafanye mazoezi pamoja kila jioni mpaka waaminiane.

Mkono nao usitangulie. Mpokeaji apige mikono kama kawaida mpaka asikie neno, "Shika!" ama "Kwata!", kisha aurudishe nyuma usawa wa nyonga, kiganja kikitazama chini, kidole gumba kikiwa mbali na vingine. Kijiti kiingie kutoka chini, kwenye pengo hilo. Kwa wanaoanza napendelea njia hii, maana mkono haukatizi mbio. Wajapani waliitumia Rio 2016 wakapata medali ya fedha kwa sekunde 37.60, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Miaka minane kabla, kule Beijing, Marekani yenye majina makubwa iliangusha kijiti katika mbio za mchujo, wanaume na wanawake pia.

Wa kwanza abebe kwa mkono wa kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, bila kukihamisha njiani. Wa kwanza na wa tatu, wanaokimbia kwenye kona, hukaa upande wa ndani wa leni. Wa pili na wa nne upande wa nje, na hivyo hawakanyagani.

Shule isiyo na vijiti ikate paipu nyepesi ya maji, urefu wa sentimita 28 hadi 30, na kuilainisha kingo. Jua la Kitui hulowesha viganja kwa jasho, kwa hiyo jipanguseni kabla ya kuingia leni.

Waamuzi hutazama kijiti kilipo, wala si miguu. Kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayekiokota. Na ukishakitoa, baki kwenye leni yako mpaka wengine wapite. Timu nyingi zimeondolewa baada ya kukabidhiana vizuri kabisa, kwa sababu mtoaji alimkata njia jirani.