Kumwandaa atakayesaini baada yako

Ofisi nyingi za ukaguzi wa hesabu, za mawakili na za wahandisi washauri huku kwetu Mara zimesimama juu ya jina la mtu mmoja. Mzee akiugua, mafaili yanalala. Mimi ni mbia katika ofisi ya ukaguzi hapa Musoma, na hakuna kazi inayonishughulisha akili kama kuandaa wakuu wa kesho.

Anza na wateja. Vijana wetu wana CPA, wamesajiliwa NBAA, na viwango vya uhasibu wanavijua vizuri. Wanachokikosa ni mteja wa kuwaamini. Kwa hiyo mkabidhi kijana mteja mkubwa mapema, ungali na nguvu, tena umkabidhi mzimamzima: kupatana ada, kukaa na bodi, kusaini ripoti. Ukimwachia makabrasha na wewe ukabaki na simu, hujamkabidhi kitu.

Mfanyabiashara mmoja wa pamba wa Bunda alizoea kunipigia mimi. Anafunga hesabu Desemba, kwa hiyo ritani ya TRA mwisho wake ni 30 Juni, na Juni ilikuwa inayoyoma. Binti aliyeshika kazi ile alikuwa amekataa kupitisha mikopo ya wakulima isiyo na dalili ya kulipwa. Simu ikaita: "Mzee, hebu zungumza na binti yako." Nikamjibu, "Ndugu yangu, ripoti anasaini yeye. Akikataa yeye, ofisi imekataa." Wakakutana ghalani Bunda, wakapitia orodha ya wadaiwa jina kwa jina, na madeni mabovu yakafutwa. Tangu hapo anampigia yeye. Ningekuwa na shaka na uamuzi wake, ningemwuliza tukiwa wawili, mlango umefungwa, kamwe si mbele ya mteja.

Sisi wa Mara tuna mfano mkubwa karibu. Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, Mwalimu Nyerere wa Butiama alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuimarisha TANU. Mwenzake alipokea kiti chenye kazi ya kweli, na kabla mwaka huo haujaisha Mwalimu akarudi akiwa Rais. Mwaka 1985 alimwachia urais Ali Hassan Mwinyi, lakini uenyekiti wa CCM akabaki nao hadi 1990. Nchi huenda ilihitaji hivyo. Ofisini siushauri mpango huo, kwa sababu mteja akiona wakuu wawili atakimbilia kwa yule aliyemzoea.

Wafungulie pia vitabu vya ofisi yenyewe: nani anatudai, kodi ya pango, mishahara, nani halipi kwa wakati. Mtu asiyejua fedha ya ofisi inatoka wapi hawezi kuiongoza.

Halafu kuna jambo tusilopenda kulitaja. Wazee wengi hawang'atuki kwa sababu wanaogopa njaa. Mkataba wa ubia useme wazi mbia anayeondoka atalipwa nini kwa sehemu yake, kwa miaka mingapi, na kama atabakiwa na meza. Sisi tuliuandika wakati hakuna aliyekuwa akifikiria kustaafu. Wakili aliupitia, tukasaini wote, na kila mbia ana nakala yake nyumbani.