Jirani Aliyevamiwa: Somo la Mazimbu



Mtu akitoka Morogoro mjini kwenda Mazimbu, huku milima ya Uluguru ikimtazama, hufika mahali palipokuwa zamani shamba la katani. Leo pana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini pana na makaburi. Wengi waliolazwa humo hawakuzaliwa katika nchi hii; ni watu wa Afrika Kusini waliofia ugenini. Watoto wetu wakipita hapo hutuuliza, Watu hawa walikuja kutafuta nini huku? Nasi twaona ya kuwa swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Ili kulijibu vema hatuna budi kusimulia kwanza habari za nchi iliyo mbali nasi, yaani Angola. Ndilo somo letu la mwezi huu: yampasa mtu nini, jirani yake akivamiwa?

1. Mazimbu na Angola

Siku ya 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, katika Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, nao wakapigwa risasi. Vijana wengi wakakimbia nchi yao. Wengine walitaka kujifunza silaha, na wengi wa hao walipelekwa Angola. Wengine walitaka shule. Kwa ajili ya hao serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC shamba la Mazimbu mwaka 1977, na shule ikaanza mwaka 1978.

Kijana mmoja wa wale waliofika Angola aliitwa Solomon Mahlangu. Alirudi kwao mwaka 1977, akakamatwa, akanyongwa Pretoria siku ya 6 Aprili 1979, umri wake miaka 22. Shule ya Mazimbu ikapewa jina lake, na jina hilo liko hata leo. Basi mwaona ya kuwa Angola na Mazimbu zilikuwa kama milango miwili ya nyumba moja. Adui akivunja mlango mmoja, wa pili nao hauna salama.

2. Jinsi Angola ilivyovamiwa

Angola ilitawaliwa na Wareno. Walipokubali kuondoka, vyama vitatu vilivyopigania uhuru, yaani MPLA, FNLA na UNITA, vilipatana mwezi wa Januari 1975 kutawala pamoja. Mapatano hayo hayakudumu. Ndugu walipigana wao kwa wao, na kila chama kikatafuta rafiki wa nje.

Ndipo, mwezi wa Oktoba 1975, majeshi ya Afrika Kusini yalipovuka mpaka kutoka Namibia, nchi waliyoishika kwa nguvu, yakaenda kasi kuelekea Luanda. Upande wa kaskazini askari wa Zaire walikuwa wakipigana pamoja na FNLA. Siku ya 11 Novemba 1975 Agostinho Neto wa MPLA alitangaza uhuru mjini Luanda, na vita vi karibu na mji. Serikali yake iliomba msaada kwa Kuba, na askari wa Kuba wakaja kwa maelfu.

3. Majirani wagawanyika

Hapa tusijidanganye kwa kudhani ya kuwa Afrika yote ilisimama kama mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umetaka vyama vile vitatu vipatane, na Tanzania nayo ilitaka hivyo. Lakini Makaburu walipoingia, mambo yalibadilika. Nigeria iliitambua serikali ya Luanda mwezi wa Novemba, na Tanzania nayo ikaitambua kabla mwaka haujaisha.

Mwezi wa Januari 1976 wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa. Nchi 22 zilisema, Tuitambue serikali ya MPLA. Nazo 22 zilisema, Wageni wote waondoke, na vyama vitatu vifanye serikali moja. Ethiopia iliyokuwa mwenyeji, na Uganda iliyokuwa na kiti cha mwenyekiti, hazikuhesabiwa upande wo wote. Mkutano ukaisha bila azimio.

Yatupasa kuwatendea haki wale 22 wa pili, maana hawakuwa wajinga wote, wala si wote waliokuwa rafiki za Makaburu. Walisema, Askari wa Kuba nao si wageni? Swali hilo lilikuwa na uzito. Waliojibu walisema ya kuwa mgeni aliyeitwa na mwenye nyumba si sawa na mgeni aliyevunja mlango. Lakini wakati ule mwenye nyumba ni nani, hilo ndilo lililobishaniwa. Ndiyo maana neno la kutambua serikali lilikuwa kubwa kuliko bunduki nyingi: lilikuwa ni kusema mbele ya watu wote, Huyu ndiye mwenye nyumba.

Tena fikirini habari za Zambia, iliyokuwa upande wa wale 22 wa pili. Nchi hiyo haina bahari. Shaba yake ilipita kwa reli ya Benguela katika Angola, na vita viliifunga reli hiyo mwezi wa Agosti 1975. Mpaka wake na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1973. Mtu ambaye njia zake zote zimeshikwa na wengine hawezi kusema kwa sauti kubwa. Basi reli ya TAZARA, ile ipitayo Ifakara na Mlimba katika mkoa wetu, iliyokabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976, haikuwa chuma na magogo tu. Ilikuwa njia ya jirani ya kufika baharini pasipo kupita mikononi mwa adui. Anayetaka jirani yake awe na ujasiri, na amfungulie njia kwanza.

4. Neno moja lazaa matunda

Katika wiki zilizofuata nchi moja baada ya nyingine iliitambua serikali ya Angola, na mwezi wa Februari 1976 Angola ikapokelewa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Zambia nayo iliitambua mwezi wa Aprili. Majeshi ya Afrika Kusini yalitoka siku ya 27 Machi 1976. Siku nne baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambalo Tanzania ilikuwa mjumbe wake, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim, lilipitisha azimio la 387 la kulaumu uvamizi huo na kuitaka Afrika Kusini ilipe hasara. Wajumbe tisa walikubali, watano hawakupiga kura upande wo wote, China haikushiriki, wala hakuna aliyekataa.

Hatusemi ya kuwa maneno peke yake yaliwatoa Makaburu. Vita viliwatoa pia. Lakini mvamizi apendaye kuitwa mlinzi wa amani hupungukiwa nguvu akiitwa mvamizi na watu wengi.

Toka hapo marais wa Tanzania, Zambia, Msumbiji, Botswana na Angola, na wa Zimbabwe tangu mwaka 1980, walikuwa na desturi ya kukutana. Waliitwa Nchi zilizo Mstari wa Mbele. Mwenyekiti wao alikuwa Julius Nyerere hata mwaka 1985, kisha Kenneth Kaunda wa Zambia. Nguvu yao ilikuwa hii: walishauriana kwanza wao kwa wao, hata wakaweza kwenda kwenye mabaraza makubwa na neno moja.

5. Gharama yake

Wahenga walisema, Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Majirani wa Angola walilijua jambo hilo kwa miili yao. Makaburu walishambulia Matola katika Msumbiji mwezi wa Januari 1981, Maseru katika Lesotho mwezi wa Desemba 1982, na Gaborone mwezi wa Juni 1985. Siku ya 19 Mei 1986 walishambulia Gaborone, Harare na Lusaka siku moja.

Angola yenyewe ilivamiwa tena na tena. Siku ya 4 Mei 1978 kambi ya wakimbizi na wapiganaji wa Namibia pale Cassinga ilishambuliwa, wakafa mamia. Mwezi wa Agosti 1981 jeshi kubwa liliingia mkoa wa Cunene. Baraza la Usalama lilipotaka kulaumu, wajumbe 13 walikubali, Uingereza haikupiga kura upande wo wote, na Marekani ikazuia kwa kura ya turufu. Tazameni basi: kura ya mmoja ilifunika kura za watu 13. Hata hivyo majirani hawakuacha kusema.

Mmoja wao alichoka. Siku ya 16 Machi 1984 Msumbiji ilitia sahihi mapatano ya Nkomati na Afrika Kusini, na watu wengi wa ANC wakalazimika kuondoka huko. Je, tumhukumu? Nchi ile ilikuwa na vita na njaa. Wenzake hawakumtupa, na baadaye askari wa Tanzania walikwenda Msumbiji kuisaidia. Jirani aliyelegea kwa kuchoka si sawa na jirani aliyesaliti.

6. Jambo linalotuhusu sisi Walutheri

Vita vya Angola vilipita katikati ya sharika za ndugu zetu. Kaskazini ya Namibia, karibu na mpaka wa Angola, walikaa Walutheri wengi. Mwaka 1971 viongozi wao, Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb, walimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini kukataa utawala wake. Kiwanda chao cha chapa pale Oniipa kililipuliwa mwaka 1973, wakakijenga, kikalipuliwa tena mwaka 1980. Sisi tusomao gazeti la Kanisa kwa amani tulifikiri jambo hilo. Mwezi wa Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, likatamka ya kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi ni jambo la imani yenyewe. Kanisa nalo lilitafuta neno moja kabla ya kusema.

7. Mwisho wa habari, na mafundisho yake

Baada ya vita vikali vya Cuito Cuanavale, Angola, Kuba na Afrika Kusini zilitia sahihi mapatano New York siku ya 22 Desemba 1988. Namibia ikapata uhuru siku ya 21 Machi 1990. Mwaka 1992 Waafrika Kusini wa Mazimbu waliirudisha shule mikononi mwa serikali yetu, wakaenda kwao. Waliobaki ni hao walio makaburini.

Lakini Angola haikupata amani siku ile. Serikali na UNITA walipigana hata mwaka 2002. Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza: Kumsimamia aliyevamiwa huanza kwa kusema wazi ni nani aliyevamia. Anayengoja mpaka kila mtu akubali, huenda akamkuta jirani amekwisha kuzikwa.

Pili: Mwenye kusema neno hilo ajiandae kulipa. Asiyetoa njia, wala shamba, wala nafasi mezani pake, ametoa maneno tu.

Tatu: Kumtoa mvamizi si sawa na kupatanisha ndugu. Kazi ya kwanza majirani waliifanya. Ya pili iliwashinda kwa miaka mingi, na damu nyingi ilimwagika. Tusijisifu kwa ile ya kwanza hata tukaisahau ya pili.

Mtoto akikuuliza tena pale makaburini, Walikuja kutafuta nini? mwambie hivi: Walitafuta shule na mahali pa kulala, na baba zetu waliwapa, wakijua ya kuwa kutoa kuna hatari. Kisha mwulize yeye naye, leo jirani yetu ni nani.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa wazee na wa vijana:

(a) Kwa nini nchi 22 hazikukubali kuitambua serikali ya Angola Januari 1976? Je, walikuwa na sababu yo yote ya haki?
(b) Jirani akishindwa kusema kwa sababu ya hofu au umaskini, yatupasa kumkemea, au kumfungulia njia? Toeni mfano wa kijijini kwenu.
(c) Katika ugomvi uliopo kwenu sasa, nani ameingia shamba la mwenziwe? Je, usharika umesema neno moja, au umenyamaza?